Kwa nini maneno ya wimbo mmoja wa kanisani hukubali tuni ya wimbo mwingine?

Chukua maneno ya "Amazing Grace" uyaimbe kwa tuni ya "O God, Our Help in Ages Past", wimbo ambao Isaac Watts aliutunga kutokana na Zaburi ya 90. Yataingia yote, bila silabi kuzidi wala kupungua. Nyimbo nyingi za zamani za kanisani zilianza kama mashairi yenye mizani kamili, na tuni ikatafutwa baadaye.

Kwa Kiingereza, mizani iliyotawala ni ubeti wa mistari minne yenye silabi 8, 6, 8, 6. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, Waprotestanti walitaka waumini wote waimbe, si mapadri na kwaya peke yao. Lakini wengi hawakujua kusoma, sembuse noti. Kwa hiyo zaburi zilitungwa upya kwa mizani michache inayojirudia. Kitabu cha zaburi cha Uskoti cha 1650 hakikuwa na tuni hata moja ndani yake, na hakikuhitaji: aliyejua tuni chache tu aliweza kuimba sehemu kubwa ya kitabu. Kiongozi alisoma mstari, waumini wakauimba, akasoma unaofuata.

Ndiyo maana tuni hizi zina majina yake zenyewe. Ile ya Zaburi ya 90 inaitwa St. Anne, jina la kanisa la London alikopiga kinanda William Croft, anayehesabiwa kuwa mtunzi wake. Ilichapishwa mwaka 1708. Maneno ya Watts yalitoka 1719, kwa hiyo tuni ndiyo kubwa kwa umri.

"Amazing Grace" ilisubiri zaidi. John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa na baadaye akawa mchungaji, aliiandaa kwa ibada ya Mwaka Mpya wa 1773 huko Olney, Uingereza. Somo la siku hiyo lilikuwa sala ya Mfalme Daudi katika 1 Mambo ya Nyakati 17, anapomuuliza Mungu yeye ni nani hata akafikishwa alipofika. Ukilijua hilo, wimbo unabadilika: si sifa za jumla, ni mtu anayetazama nyuma na kushangaa kwamba bado yupo. Ulichapishwa 1779, bila tuni. Ile tunayoijua leo, New Britain, aliiunganisha na maneno hayo William Walker huko Marekani mwaka 1835, na wakati huo Newton alikuwa amekufa miaka 28 iliyopita. Hata ubeti wa miaka elfu kumi, ambao wengi huumalizia wimbo, si wake. Ulihamia kutoka wimbo mwingine, unaohusu Yerusalemu, kwa sababu mizani ni ile ile.

Ndoa ya kushangaza kuliko zote, kwangu, ni ya "Hark! The Herald Angels Sing". Maneno ni ya Charles Wesley, 1739. Tuni aliitunga Felix Mendelssohn mwaka 1840 kwa sherehe za kumuenzi Gutenberg na uchapaji wake, na yeye mwenyewe aliandika kwamba haifai kwa maneno ya dini. William Cummings aliviunganisha 1855, wote wawili wakiwa kaburini. Leo ni vigumu kuwaza Krismasi bila wimbo huo.

Hata hivyo, hesabu ya silabi peke yake haitoshi. Mkazo nao lazima ukubaliane na mapigo ya muziki, na hapo ndipo tafsiri za Kiswahili hupata taabu. Mistari ya 8 na 6 ya Kiingereza kwa kawaida huishia kwenye silabi yenye mkazo, na tuni hukanyaga kwa nguvu hapo hapo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Mfasiri anaweza kuhesabu silabi zake vizuri kabisa, lakini neno "Bwana" likiangukia mwisho wa mstari, muziki utakaza "na" na kuipita "Bwa" upesi. Dawa yake ni kutunga tuni mpya inayofuata mkazo wa Kiswahili chenyewe, au kupanga mistari upya ili iishie panapofaa.