Ini limejaa mafuta, mbona anayeumia ni moyo?

Mtu akitoka kupigwa altrasaundi akaambiwa ini lake lina mafuta, zamani mimi ningemhofia ini tu: macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji. Kumbe wenye tatizo hili huuawa zaidi na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kuliko ini lenyewe.

Hata chimbuko la mafuta hayo nililijua vibaya. Nililaumu chipsi na nyama choma. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2005 waliyafuatilia kwa wagonjwa, wakakuta asilimia 59 yametoka kwenye akiba ya mwili, kitambi kikiwemo. Asilimia 26 ini limeyatengeneza lenyewe, hasa kwa sukari na wanga. Asilimia 15 tu ndiyo yaliyotoka moja kwa moja kwenye mafuta ya chakula. Wagonjwa walikuwa 9, kwa hiyo tusizishike namba hizo kama msahafu. Lakini mtazame bata anayenenepeshwa ini huko Ufaransa: ini hutoka kubwa, la manjano hafifu, laini kama siagi, na alichoshindiliwa ni mahindi.

Sasa moyo. Ini ni kama ghala. Likifurika, hupakia malori mengi zaidi: vifurushi vya mafuta na lehemu (kolesteroli) vinavyoingia kwenye damu. Njiani vinashusha mafuta, vinabaki vidogo, vimesheheni lehemu, na udogo huo ndio unaoviwezesha kupenya ukuta wa ateri, yaani mishipa kama ile inayoulisha moyo damu. Vikinasa humo, ukuta unavimba na njia inakuwa nyembamba. Siku uvimbe ukipasuka, damu inaganda hapohapo na moyo unakosa damu.

Kinachonivutia zaidi ni watu waliozaliwa na badiliko fulani katika jeni ya TM6SF2. Ghala lao lina mlango mgumu: ini linajaa na kuharibika, ila malori hayatoki kwa wingi. Lehemu katika damu yao iko chini, na mshtuko wa moyo huwapata kwa nadra kuliko wengine.

Hata hivyo, wengi wenye ini la mafuta wana pia kisukari, presha au unene, na si rahisi kupima ini peke yake limechangia kiasi gani. Kwa hiyo ukipewa jibu hilo la altrasaundi, usiondoke kabla ya kupimwa presha, sukari na lehemu.