Kukata Nukuu Si Kuficha Ushahidi

Wiki hii tena, katika ofisi moja ya Ibanda hapa Bukavu, mama katibu aliyepunguza nukuu, yaani nakala ya ujumbe wa zamani ndani ya jibu la barua pepe, aliambiwa na mkuu wake kwamba anaficha ushahidi. Natunza barua pepe za maofisi, na shutuma hiyo nimeisikia mara nyingi mno.

Ujumbe wa awali haupotei unapoukata ndani ya jibu. Unabaki kwa aliyeutuma na kwa aliyeupokea, maadamu hawakuufuta, na kwa kawaida programu huandika katika kichwa cha jibu, yaani taarifa za kiufundi zinazotangulia ujumbe, kitambulisho cha ujumbe unaojibiwa, ndiyo maana mazungumzo huweza kupangwa pamoja hata pale usiponukuu neno. Tena nukuu ni maandishi ya kawaida: anayejibu anaweza kugeuza 500 kuwa 5,000 kabla ya kutuma, na msomaji asione alama yoyote. Anayetaka ushahidi na aufungue ujumbe wenyewe. Mwongozo wa adabu za mtandaoni uitwao RFC 1855, wa Oktoba 1995, ulikwisha kushauri tufupishe ujumbe wa awali mwanzoni mwa jibu, au tubakize sehemu inayotosha kumwelewesha msomaji.

Kinachoniudhi zaidi ni jibu la neno moja juu ya nukuu ndefu. Mhasibu aliyeko Goma anauliza kama mafuta ya jenereta yamelipwa, mizigo itapanda boti ya siku gani, na nani atatia sahihi; anajibiwa «Ndiyo», na chini yake ujumbe wake wote unarudi pamoja na salamu na anwani. Ndiyo ipi? Bakiza kila swali likiwa na alama ya > mwanzoni mwa mstari, andika jibu lako chini yake, usiondoe jina la aliyeuliza, na futa yasiyohusika. Maneno ya mwenzako usiyasahihishe hata herufi. Ukiruka sehemu, weka nukta tatu ndani ya mabano.

Nakiri kwamba anapoongezwa mtu mpya katikati ya mazungumzo nasitasita, kwa kuwa yeye hana ujumbe wa nyuma, na mara nyingi mimi humwachia nukuu nzima. Tena programu nyingi za simu hukunja nukuu, na majibu yaliyo ndani yake huweza kupita bila kuonekana, kwa hiyo siku hizi naanza kwa mstari mmoja: «Majibu yangu yako chini ya kila swali.»