Katamarani Tanga: yanayosemwa ufukweni na yanayotokea majini

Wikiendi ya mashindano ya klabu pale Ras Kazone huwa na mabaharia wa aina mbili: walio majini, na walioketi chini ya mti wakiwakosoa. Hawa wa pili ndio wenye maneno mengi, na si wajinga hata kidogo. Wengi wamekulia kwenye ngalawa. Shida ni kwamba wanaipima katamarani kwa ngalawa, na vipimo vinagoma.

“Hiyo ni ngalawa ya kizungu, haipinduki.”

Ngalawa ni mtumbwi mmoja unaobeba watu na mzigo, na mbao mbili za pembeni zinazouzuia usilale. Katamarani ina miili miwili iliyo sawa, imeungwa kwa mihimili, na katikati kimewambwa kitambaa kigumu cha kukalia. Hobie 16, aina ya katamarani iliyotoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ina urefu wa mita 5 hivi na uzito wa kilo 145 tu. Upana wake huipa utulivu mwanzoni. Lakini mwili wa upande wa upepo ukishanyanyuka kupita kiasi, hakuna mkuku (uti wa chini ya chombo) mzito wa kuurudisha chini. Tena kuna kupinduka kwa kichwa: omo, yaani mbele ya chombo, inachoma wimbi, tezi, yaani nyuma, inapaa, na mabaharia wote wawili wanarushwa mbele.

Hapo ufukweni husikika kuwa wamekwisha. Hawajaisha. Wanalegeza demani, ile kamba ya kuvutia tanga, wanaelekeza omo kwenye upepo, wanasimama juu ya mwili wa chini na kuvuta kamba iliyopitishwa juu ya ule mwingine, huku wakiegemea nyuma kwa uzito wao wote. Upepo ukiingia chini ya tanga, nao unasaidia kuinua. Sharti kubwa ni kutokiacha chombo, na jaketi okozi livaliwe na kila mtu. Mimi ninayemhofia zaidi ni muogeleaji hodari, kwa sababu ndiye anayeshawishika kukiacha chombo na kuogelea kwenda nchi kavu.

“Mbona wanachelewa? Bahari ni alfajiri.”

Kwa mvuvi, ndiyo. Umande, ule upepo wa kutoka bara, humsukuma nje asubuhi, na upepo wa baharini humrudisha mchana. Mashindano hayaendi popote. Yanazunguka maboya ndani ya ghuba, kwa hiyo yanangoja upepo wa baharini utulie na kukaza. Majira nayo yana neno: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi inayofuata, havileti bahari ya namna moja. Na ratiba hutazama maji pia, maana wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hapa Tanga hupita mita 3.

“Upepo wa nyuma ndio wa kasi.”

Hapana. Katamarani hukimbia zaidi upepo ukiipiga ubavuni, mmoja wa mabaharia akiwa amening'inia nje kwa waya ili chombo kisilale. Hata wakienda na upepo, mara nyingi hupita kwa pembe, kushoto kisha kulia, badala ya kunyoosha. Anayetazama kutoka mbali hudhani wamepotea. Wanapopata taabu ni kwenye kubisha, yaani kugeuza omo ipite upande wa pili wa upepo: chombo chepesi hupoteza mwendo haraka, na asiye na mkono mzuri hukwama omo ikiwa imeutazama upepo.

“Wa kwanza kufika ndiye mshindi.”

Hii ndiyo inayozua kelele kuliko zote. Klabu ndogo hukusanya vyombo vya aina mbalimbali, kwa hiyo muda wa kila kimoja husahihishwa. Katika mfumo wa Portsmouth, uliotoka Uingereza, kila aina ya chombo ina namba yake. Muda uliotumika huzidishwa kwa 1,000 na kugawanywa kwa namba hiyo. Tuseme chombo chenye namba 1,000 kimemaliza kwa dakika 60, na chenye namba 1,100 kikafika kwa dakika 64. Hicho cha pili kinahesabiwa dakika 58 na sekunde 11, na ndicho kilichoshinda. Kisha kwenye jumla ya wikiendi wa kwanza hupewa pointi 1, wa pili 2, na kuendelea. Mwenye chache ndiye bingwa. Waliokwisha kupiga makofi chini ya mti huona wameibiwa.

“Hakuna sheria, ni ubabe.”

Chombo kinachopata upepo upande wa kulia kina haki ya njia. Kinachoupata kushoto kikwepe. Majini mara nyingi hakuna refa. Aliyekosea anajiadhibu mwenyewe kwa kuzunguka mara mbili, na asipofanya hivyo, malalamiko yanapelekwa nchi kavu, ambako yatajadiliwa hadi samaki wa kupaka waishe.

“Wanakuja kunywa tu.”

Wapo. Wapo pia wa madafu, na watoto wanaokula mihogo na kulala kabla matokeo hayajasomwa.

“Ni mchezo wa wenye hela.”

Kuimiliki, ndiyo, ni ghali, na vipuri ni ghali zaidi. Kuiendesha ni habari nyingine. Hobie 16 ni ya watu wawili, na asubuhi ya mashindano mwenye chombo asiye na mwenzake ana shida kuliko wewe usiye na chombo. Nenda mapema, na nguo ya kulowa.