Mtoto hajala, sindano achomwe?

Hili swali naulizwa kila mara, tena usiku usiku kwa simu, mama anaongea kwa sauti ya chini utadhani anaiba: "Sista, toka mchana kakataa kula, katapika, mwili wa moto, sasa ile sindano ya jioni nimchome au niache?" Mie ni nesi, nipo kliniki ya watoto wenye kisukari hapa Tanga, na jibu langu la kwanza ni moja tu. Usiache. Hayo mengine tutaongea.

Najua kwa nini wanaacha, maana tumewafundisha wenyewe, na mimi nikiwemo. Mtoto akigundulika tunamkalisha mama tunamwambia choma insulini, ile dawa ya kushusha sukari, kisha mpe chakula, ukichoma asile sukari itashuka, atatetemeka, atatoka jasho, atazimia. Mama analishika hilo kuliko yote, maana kushuka kwa sukari keshakuona kwa macho yake, mwanae kalegea mkononi, yeye anakoroga maji ya sukari huku analia. Kwa hiyo kichwani kwake hesabu inakaa hivi: sindano ni ya chakula, chakula hakuna, basi na sindano hakuna. Miaka yangu ya mwanzo kazini sikuwa naigusa kabisa habari ya siku za ugonjwa, nikidhani nitawachanganya, mpaka nilipoanza kuwapokea wodini watoto wanahema kama wamekimbizwa na mbwa na mama anasema kwa uaminifu kabisa, "Sijamchoma toka juzi sista, hajala kitu."

Sasa sikilizeni. Ini la mtu lina ghala la sukari, na linaifungulia kwenye damu usiku na mchana hata kama hujala, ndo maana mtu anafunga Ramadhani na kazi anafanya. Kwangu na kwako kongosho inadondosha insulini kidogo kidogo muda wote kulituliza hilo ini. Mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, kinga yake mwenyewe imezishambulia zile seli za kutengeneza insulini (si kwamba alilishwa peremende nyingi, tafadhalini mawifi muacheni mama wa watu), kwa hiyo wa kulituliza hayupo. Halafu ije homa, iwe malaria, iwe kifua, iwe jipu tu, mwili unatoa homoni za kupambana na hizo homoni zinalichochea ini limwage zaidi. Ndo unakuta mtoto hajatia kitu mdomoni toka asubuhi, unampima sukari, mashine inasoma 22, juu mno. Bibi anasema mashine mbovu. Si mbovu, bibi. Na ikiandika HI haikusalimii, maana yake sukari imepita pale inapoweza kusoma, kwa mashine nyingi ni juu ya 33.

Na hiyo sukari yote ipo kwenye damu, bila insulini haiingii ndani ya seli, kwa hiyo mwili unajiona una njaa unaanza kuchoma mafuta yake, na mafuta yakichomwa hivyo yanaacha ketoni, ambazo ni asidi. Asidi ikijaa tumbo linauma, mtoto anatapika, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza, mwisho anasinzia haamki vizuri. Hapa ndo penye mtego: mama anaona kutapika anasema ni malaria, ngoja apoe kwanza ndo nimchome, kumbe mtoto anatapika kwa sababu hajachomwa.

Zamani kabla insulini haijapatikana, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wanawashindisha watoto hawa na njaa makusudi, wanabaki mifupa, na bado walikufa. Januari 1922 kule Toronto kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, ndo akawa mtu wa kwanza kuchomwa insulini kama tiba, dozi ya kwanza haikufaa kitu, ikasafishwa upya, ya pili sukari ikashuka akaanza kupata nguvu. Kwa hiyo kukaa na njaa kulishajaribiwa jamani, tena na mabingwa.

Sasa sijasema uchome dozi ile ile kipofu. Kupunguza kupo, hasa kwa wale wa dawa ya mchanganyiko (insulini ya haraka na ya polepole chupa moja) asubuhi na jioni, ila kiasi gani inategemea kipimo, kwa hiyo pima ndo upige simu, usinipigie bila namba. Akiumwa pima kila masaa mawili matatu, na usiku amka. Ikizidi 14 chovya kile kijiti cha mkojo, kikigeuka zambarau ketoni zipo. Sukari ikiwa juu mpe maji matupu, kidogo kidogo lakini asiache. Ikiwa chini, chini ya 4, hapo ndo soda ya kawaida au chungwa la Muheza ukalikamua, kisha baada ya dakika 15 upime tena. Akitapika mfululizo masaa mawili, au anahema vibaya, au kijiti kimekolea, chukua bajaji uje, usingoje kukuche, na ukifika tu sema kwa sauti mtoto ana kisukari, maana kwa kule kuhema anaweza kuanza kutibiwa nimonia.

Kitu kingine, ukichoma na haishuki, iangalie chupa ilikuwa wapi. Kwa joto letu hili la kaskazi dawa iliyokaa dirishani imeshapikwa. Chupa unayotumia iweke kwenye mtungi penye kivuli, na ikishafunguliwa wiki nne tupa.

Juzi kanipigia mama mmoja wa Makorora, saa nne usiku, mtoto ana homa, katapika mara moja, kipimo 19, kijiti kimebadilika kidogo tu. Alikuwa keshairudisha sindano kwenye kopo. Tukapanga dozi, akachoma, tukakubaliana maji kijiko kijiko. Saa tisa simu ikalia, meseji, hakuna salamu wala nini, "13 sista, kakojoa, kaomba uji." Nikamwambia mpe, na saa kumi na moja apime tena.