Macho Barabarani, Akili Kwingine: Jinsi Dereva Anavyopoteza Umakini

Gari linalokwenda kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 kila sekunde. Dereva anayeinamia simu kwa sekunde 4 ili asome ujumbe huwa ameendesha mita 100 bila kuitazama barabara, na katika mita hizo mtoto anaweza kukatiza au gari la mbele likafunga breki ghafla. Hata dereva aliye makini huchukua sekunde moja au zaidi kutambua hatari na kukanyaga breki, kwa hiyo aliyezubaa huanza kuchukua hatua wakati nafasi ya kusimama imekwisha.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, anayetumia simu huku akiendesha ana uwezekano wa kupata ajali unaokaribia mara 4 ya ule wa asiyeitumia. Wengi hudhani kwamba spika au vifaa vya masikioni huondoa hatari hiyo. Dhana hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mikono hubaki kwenye usukani na macho yakaelekea mbele, ilhali akili imeshahamia kwenye mazungumzo.

Kutazama si lazima iwe kuona. Dereva anayeingia barabara kuu hugeuka kulia na kushoto, akaridhika kwamba hakuna gari, kisha akaikatiza pikipiki iliyokuwa mbele ya macho yake. Baadaye husema, "Sikumwona kabisa," na mara nyingi husema kweli, kwani ubongo ulioshughulishwa na jambo jingine, au uliokuwa ukitafuta magari peke yake, huweza kuliacha lililo wazi likapita. (Kuzungumza na abiria mtu mzima kuna nafuu kidogo kuliko kuzungumza kwa simu, maana abiria naye huiona barabara na hunyamaza hali inapobadilika, ilhali aliye upande wa pili wa simu haoni chochote.)

Uchovu nao huleta usingizi wa sekunde chache ambao mwenyewe huenda asiutambue. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuuondoi. Dawa ni kuegesha mahali salama na kulala, hata kwa dakika 20. Simu izimwe mlio kabla ya gari kuwashwa, na anayempigia mtu akabaini kwamba anaendesha, amwambie watazungumza akifika, kisha akate.