Mtori kabla ya mionzi: yanayosemwa Moshi na ukweli wake

"Mpe mtori ashibe kwanza, mionzi inachosha."

Anayesema hivi anampenda mgonjwa, lakini katika saratani ya tumbo ushauri huu unaweza kuvuruga tiba. Mpango wa mionzi hutokana na picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha ndani ya mwili), na mara nyingi picha hizo hupigwa mgonjwa akiwa hajala kwa saa kadhaa. Bakuli la mtori likiingia, mfuko wa chakula unatanuka na ukuta wake unasogea pamoja na uvimbe. Mashine nayo inapiga palepale ilipoelekezwa. Kwa hiyo ashike saa ya mlo aliyopewa na wataalamu, kila siku ileile, na mtori aukute akitoka.

"Picha si zilishapigwa? Mbona wanarudia?"

Ratiba iliyozoeleka ni grei 45 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zikigawanywa kwa mikupuo 25, yaani vipindi 25 vya tiba, wiki tano hivi. Ndani ya muda huo mgonjwa hukonda, gesi hujaa na kuisha, na kila pumzi hupandisha na kushusha mfuko wa chakula. Mashine zenye uwezo wa kupiga picha hufanya hivyo kabla ya kutibu, na picha hiyo ikalinganishwa na ile ya mpango. Kulinganisha mifupa pekee hakutoshi, maana uti wa mgongo haupandi na kushuka na pumzi. Hutazamwa mfuko wenyewe, au vibanio vidogo vya chuma vilivyowekwa kando ya uvimbe kwa mpira wa kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni.

"Bora wapige eneo kubwa, ugonjwa usisalie."

Jirani na hapo kuna figo, ini, moyo na utumbo. Daktari huacha ukingo kuzunguka uvimbe kwa sababu unatembea. Picha za kila siku zikiwa nzuri, ukingo huo unaweza kupunguzwa na figo zikaepushwa na dozi isiyo yao.

"Akirudi asimpakate mjukuu."

Ampakate. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini.

"Kwa usahihi huu, kisu cha nini?"

Kwa uvimbe unaoweza kutolewa, upasuaji na dawa za saratani (kemotherapi) ndiyo nguzo. Utafiti wa kimataifa uitwao TOPGEAR, uliochapishwa 2024, ulionyesha kuwa kuongeza mionzi kabla ya upasuaji, juu ya dawa, hakukurefusha maisha ya wagonjwa. Lakini kwa uvimbe unaovuja damu na usioweza kukatwa, mikupuo michache ya mionzi mara nyingi huizuia damu hiyo.