Kikohozi cha salfa, TB na seli T: maswali na majibu

Nimepulizia salfa mikorosho huku Tandahimba, sasa nakohoa. Ni TB?

Si lazima. Vumbi la salfa hukera koo na njia ya hewa, na ukiacha kulivuta kikohozi hutulia. Kikifika wiki mbili, usiendelee kuisingizia salfa. Peleka makohozi kituo cha afya. Dawa za TB ni bure.

Bakteria wa TB hujificha wapi hadi mwili ushindwe kumuua?

Ndani ya askari wenyewe! Ukimvuta na hewa, humezwa na makrofaji, chembe nyeupe zinazolinda vifuko vya hewa vya mapafu. Bakteria wengi wakimezwa ndiyo mwisho wao. Huyu hukizuia kifuko alichofungiwa ndani ya makrofaji kisiungane na kile chenye asidi na vimeng'enya, akazaliana humo humo. Kingamwili zinazoelea kwenye damu hazimfikii. Mkulima wa korosho hapa hahitaji maelezo marefu: salfa huua ubwiriunga, ukungu ulio juu ya majani na maua, lakini mdudu aliyekwisha kutoboa shina akaingia, haimpati.

Nani anamfikia, basi?

Seli T, chembe nyingine nyeupe za kinga. Nazo hazimwoni moja kwa moja: makrofaji iliyoambukizwa hutokeza nje vipande vya protini zake, na seli T ya kundi la CD4 ikivitambua huachia interferoni gama. Hiyo ndiyo amri inayoipa makrofaji nguvu ya kummaliza aliyemo tumboni mwake. Seli T za kundi la CD8 ni kali zaidi, huua chembe iliyoshindwa kazi pamoja na mpangaji wake. Tatizo ni muda, maana jeshi hili huandaliwa kwenye tezi kwa wiki kadhaa.

Ninatumia ARV. Kwa nini kila nikienda CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, naulizwa kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito?

Kwa sababu ya CD4 hizo hizo. Bakteria wasiokufa huzungushiwa ukuta wa chembe, wakalala humo hata miaka. VVU hupunguza CD4, na ukuta hulegea. Tena matundu ya mapafu yanayomwaga bakteria kwenye makohozi hutokana kwa sehemu na vita vya kinga yenyewe. Kinga ikiwa chini sana, makohozi yanaweza kuonekana safi na picha ya kifua isionyeshe kitu, ilhali TB ipo. Ndiyo maana mhudumu haachi kuuliza, hata kama mwezi uliopita ulijibu hapana mara nne.